Sifuri ya Picha: Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi wa Shule ya Binti Yangu

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Jina la shule yako silitaji hapa. Wewe unajijua, na wazazi wa Mutaho wenye watoto hapo wanakujua.

Binti yangu wa mwaka wa tisa ana sifuri ya hesabu katika mtihani wa muhula wa pili. Hesabu ndilo somo analoliweza kuliko yote, na karatasi ya mtihani huo hata hakuiona. Mwalimu wa nidhamu aliyesimama mlangoni aliitazama kadi yake ya mwanafunzi, akamtazama yeye, akaona watu wawili. Akamrudisha nyumbani. Simlaumu mwalimu huyo: sura iliyo kwenye kadi ni ya mvulana anayeanza kuota ndevu.

Ilivyotokea wewe unajua, ila wasomaji hawajui. Mpiga picha uliyemchagua alikuja kutoka Bujumbura, akawasimamisha watoto mbele ya ukuta uliopakwa chokaa, akawa anapiga mmoja mmoja kwa kufuata orodha ya darasa. Jina hakuliandika popote. Siku hiyo mtoto mmoja aliye juu ya binti yangu kwenye orodha alikuwa amelazwa kwa malaria, na hakuna aliyelikata jina lake. Picha ya aliyemfuata ikabandikwa kwenye kadi ya mgonjwa, ya mwingine ikapanda kwa aliyemtangulia, hivyo hivyo hadi chini, ambako wa mwisho alipewa kadi isiyo na picha kabisa. Tangu siku hiyo sehemu kubwa ya darasa inatembea na sura za jirani. Mtoto angeshika kifuani kibao chenye jina lake kwa chaki, kosa hili lisingetokea. Chaki, Mheshimiwa. Nadhani shule inayo.

Utauliza mbona wenzake walipita mlangoni. Walipita kwa sababu picha zao, tofauti na ya mvulana huyo, ni giza tupu, na giza halimkatai mtu. Ukuta mweupe nyuma ya uso mweusi huidanganya kamera: inapima mwanga wa ukuta, uso unaachwa kwenye kivuli. Zamani, enzi za filamu, tungeweza kuwalaumu Kodak, ambao kwa miaka mingi walisawazisha rangi za picha kwa kadi zenye picha ya mwanamke wa Kizungu, zikajulikana kwa jina la Shirley. Leo mwenye kamera ya kidijitali anaiona picha papo hapo, anamsogeza mtoto kivulini, mbali na ukuta, anapiga tena. Mtu wako hakutazama. Anayelipwa kwa idadi ya vichwa hana haraka ya kuangalia nyuso.

Alichaguliwaje? Wazazi hatukuulizwa. Hapa karibu na soko kuna kijana mwenye studio ndogo, anayewajua watoto hawa kwa majina na kwa majina ya baba zao. Aliomba kazi hiyo, akajibiwa kwamba shule inataka mtu wa kiwango. Kiwango tumekiona. Tulitozwa faranga 5,000 kwa kila mtoto, pesa mkononi, bila risiti. Kama shule ilipata fungu lake humo, iseme. Hata Marekani makampuni ya picha za shule, kama Lifetouch iliyoanza mwaka 1936, hurudishia shule sehemu ya mauzo. Lakini huko huwa kuna siku ya kurudia kwa mtoto aliyekosekana au aliyetoka vibaya. Sisi tulipoomba kurudia tuliambiwa mpiga picha hana petroli ya kupanda huku. Petroli ni shida ya nchi nzima, hilo halina ubishi. Ya kuja kukusanya pesa ilipatikana wapi?

Na binti yangu bado ana sifuri.

Burundi inajua uzito wa picha shuleni. Mwaka 2019 kule Kirundo wasichana wa shule walikamatwa kwa kuchorachora picha moja kwenye vitabu vyao, watatu wakalala gerezani. Ilikuwa picha ya rais wa wakati huo, sina haja ya kukukumbusha. Basi sura ya mkubwa ikiguswa, polisi wanafika. Sura za darasa zima zikivurugwa na mtu aliyelipwa kwa kazi hiyo, mzazi anaambiwa awe na subira.

Subira tunayo, tumeizoea. Tangu mwaka 2005 tunaambiwa shule ya msingi ni bure, na tangu hapo hatujamaliza kutoa michango: leo dawati, kesho mlinzi, keshokutwa picha. Kila mchango una mtu wake aliyekwisha chaguliwa kabla hatujaitwa mkutanoni, na tukiitwa ni kwa ajili ya kutajiwa bei. Kamati ya wazazi ipo. Kazi yake, kwa ninavyoona, ni kupiga makofi.

Sasa ninachotaka. Safari ijayo mpiga picha alete kwanza picha alizopiga shule nyingine, kamati izione kabla ya mtoto yeyote kusimamishwa ukutani. Makubaliano yaandikwe, na nusu ya malipo ibaki kwa mhasibu hadi kila mzazi athibitishe kwamba aliye kwenye kadi ni mwanawe. Aseme pia picha za watoto wetu anazihifadhi wapi na kwa muda gani, maana hizo si mali yake. Yule wa Bujumbura arudishe pesa, au uzirudishe wewe.

Hayo yanaweza kusubiri mwaka ujao wa masomo. Sifuri haisubiri. Daftari za hesabu za binti yangu zipo, na mwalimu wake anajua anachoweza. Mpe mtihani ule aufanye, hata kama ni peke yake ofisini kwako jioni, na sifuri hiyo ifutwe kwenye karatasi yake ya pointi kabla walimu hawajakaa kuamua nani anapanda na nani anarudia. Ukitaka uhakika kwamba ni yeye, nitakuja naye mwenyewe.

Mzazi wa mwaka wa tisa,
Mutaho