Anga la Karatu Si Shamba la Bibi

Tarehe 10 Januari mwaka 1959, kijana wa Kijerumani aliyeitwa Michael Grzimek alikuwa akiruka kati ya Serengeti na Ngorongoro katika ndege ndogo aina ya Dornier, iliyopakwa rangi ya milia kama punda milia. Kazi yake ilikuwa kuhesabu wanyama, na kazi hiyo humlazimu rubani kuruka chini. Tumbusi akaligonga bawa, na ndege ikaanguka. Kiswahili huwaita wote wawili ndege. Siku hiyo mmoja alimwangusha mwenzake. Michael alikufa akiwa na umri wa miaka 24. Kaburi lake liko ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, naye baba yake, Profesa Bernhard Grzimek, aliyefariki mwaka 1987, amezikwa papo hapo.

Wageni husimama kaburini hapo, wakapiga picha, wakaendelea na safari. Lakini wapo wanaoondoka na fundisho la uongo, kwamba kuruka chini chini ni ushujaa. Marehemu alikuwa kazini. Aidha, katika zama zake gridi ya umeme haikuwa imefika Karatu. Aliyeruka chini alikuwa na ndege wa porini, miti na milima ya kuhofia, basi.

Leo hali si hiyo. TANESCO na Wakala wa Nishati Vijijini, ulioanza kazi mwaka 2007, wamesimamisha nguzo hata mahali ambapo wakoloni hawakuwahi kufikiri kwamba mwananchi angestahili taa. Waya huo unakwenda shuleni, kwenye zahanati na kwenye mashine ya kusaga. Kwa kuwa nchi ya Karatu ni ya vilima na makorongo, waya huweza kutoka kilima hiki hadi kile ukiwa umening'inia hewani, huku nguzo zake zimefichwa na miti. Rubani aliyelizoea bonde fulani miaka mitano iliyopita anaweza kurudi leo akakuta bonde lile lile lina waya ambao hakuuacha.

Na waya hauonekani. Alumini ikikaa juani na mvuani hufifia rangi, ikafanana na mawingu au na majani makavu yaliyo nyuma yake. Kwenye njia kubwa za umeme, waya wa juu kabisa, ule wa kukinga radi, huwa mwembamba kuliko zote zilizo chini yake. Rubani anayejitahidi kuziruka nyaya nene alizoziona huunaswa ule ambao hakuuona. Wala asidanganyike mtu kwamba dawa ni kuijua nchi. Uchunguzi uliofanywa Australia kuhusu ajali za namna hii ulionyesha kwamba marubani wengi waliogonga nyaya walikuwa wanajua kuwa nyaya hizo zipo. Walijua, wakasahau kwa dakika moja.

Sasa itazamwe kanuni. Utaratibu wa kimataifa, ambao Tanzania imeridhia kuufuata, unasema kwamba nje ya miji ndege isiruke chini ya mita 150 kutoka ardhini, isipokuwa inapopaa, inapotua, au ikiwa na kibali. Juu ya makazi ya watu ni mita 300 kupita kizuizi kirefu kuliko vyote kilicho karibu. Nguzo ya umeme wa kijiji haifiki hata mita 20. Kwa hiyo anayeiheshimu kanuni hana mahali pa kukutana na waya huo akiwa safarini. Anayekutana nao ameufuata mwenyewe.

Ameufuata kwa nini? Hapa ndipo penye kiini cha ubaya. Abiria aliyelipa dola anataka kuona tembo kwa karibu, na mwenye ndege anataka abiria huyo arudi mwakani. Rubani kijana, ambaye ajira yake iko mikononi mwa mwenye ndege, hushuka. Huo ndio ubepari ukiwa na mabawa: starehe ni ya mmoja, hatari ni ya wote. Waya ukikatika, aliye ndani ya ndege hafi peke yake. Waya wenye umeme huanguka katika shamba la mkulima wa Kiiraki aliyeinama akipalilia vitunguu, na jokofu la chanjo katika zahanati huzimika.

Dunia imekwisha kuona jinsi dharau ya namna hii inavyolipwa. Tarehe 3 Februari 1998, huko Cavalese, Italia, ndege ya kivita ya Marekani iliyoruka chini mno ilikata kamba ya chuma iliyobeba kigari cha abiria. Watu 20 waliokuwamo walikufa. Mwaka uliofuata, mahakama ya kijeshi ya Marekani ilimwachia rubani mashtaka ya kuwaua. Wananchi wa bonde lile walijifunza kwamba mwenye nguvu akiruka juu ya paa lako, hakuna atakayekuuliza umeumia vipi.

Wapo watakaodai kwamba kosa ni la TANESCO, kwa kutovika nyaya maboya ya rangi. Hoja hiyo ina ukweli nusu. Nyaya zinazovuka makorongo, na zile zilizo karibu na viwanja vidogo kama ule wa Manyara, juu ya ukingo wa Bonde la Ufa, zinastahili maboya mekundu na meupe, na Mamlaka ya Usafiri wa Anga inapaswa kuhakikisha kwamba kila rubani ana ramani yenye njia mpya za umeme. Lakini kuvika maboya kila waya wa kila kijiji ili mtalii apige picha nzuri ni kumtoza mwananchi gharama ya starehe asiyoionja.

Wala asiguswe anayeruka chini kwa kazi. Ndege za kunyunyizia dawa dhidi ya kwelea kwelea na nzige huokoa chakula cha Taifa, na askari wa wanyamapori humwinda jangili kutoka angani. Hao hupewa kibali, na kazi ikifanywa ipasavyo eneo hukaguliwa kwanza na nyaya zikajulikana.

Asiye na kibali ana namba. Ndege ya Tanzania huandikwa herufi zinazoanza na 5H, ya Kenya 5Y, chini ya bawa na ubavuni. Mwalimu aliye uwanjani na wanafunzi wake, au mtendaji wa kijiji aliye njiani kwenda mkutanoni, akiona ndege ikipita usawa wa miti, aandike namba hiyo, tarehe na saa, kisha aipeleke kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga kwa barua, na nakala ibaki katika jalada la kijiji.