Mnong'ono wa Hisa na Fedha za Kikundi



Hivi karibuni, baada ya Misa katika kigango kimojawapo, mhazini wa kikundi cha kuweka na kukopa alinionyesha ujumbe katika simu yake. Ulitoka katika kundi la WhatsApp ambalo mwanzilishi wake hamjui, nao ulidai kwamba hisa za nikeli ya Kabanga zitapanda maradufu kabla ya mwezi kwisha. Anayetaka kuwahi atume fedha kwa namba iliyoandikwa. Tayari nusu ya wanakikundi walikuwa wamekubali. Fedha yenyewe ni ya kahawa na maharage, na wenye kuiweka wengi wao ni wajane.

Je, mnunuzi wa hisa ayasikilize mashauri ya namna hii?

Sisemi kwamba kila linalosemwa katika makundi hayo ni uongo. Mawakala wa soko la hisa wako mbali nasi, na mtu wa Ngara au Biharamulo mwenye hisa chache huweza kujulishwa na wenzake siku ya mkutano mkuu au ya gawio. Hilo ni jema. Lakini habari ni kitu kimoja, na shauri la kununua leo leo ni kitu kingine. Mtoa shauri huenda ameshanunua, naye anawahitaji wanunuzi wengine ili bei ipande, apate kuuza. Mwaka 2000 wasimamizi wa masoko ya hisa ya Marekani walimfungulia shauri kijana wa miaka 15 wa New Jersey. Alikuwa akinunua hisa za kampuni ndogo, akizisifu katika mamia ya ujumbe kwa majina ya bandia, kisha akiuza. Alikubali kulipa dola 285,000, faida pamoja na riba. Faida ile ilitoka mifukoni mwa waliomsadiki.

Wengine watasema: huyu ana ndugu ndani ya kampuni, anajua. Sheria ya Masoko ya Mitaji na Dhamana ya mwaka 1994 inakataza kununua na kuuza hisa kwa kutumia siri za ndani. Basi mnong'ono wa siri ama ni uongo, ama ni kweli na kuutumia ni kosa, maana aliyekuuzia hakujua unalolijua. Mlango wa tatu siuoni.

Tuitazame Kabanga yenyewe. Nikeli yake imetajwa tangu miaka ya 1970, na wazee wa Ngara wamechoka kuhesabu mara walizoambiwa kwamba mgodi unafunguliwa. Kampuni ya Tembo Nickel, ambamo Serikali ilipewa asilimia 16, iliundwa mwaka 2021. Hisa za Lifezone Metals, iliyo nyuma yake, ziliingia soko la New York mwaka 2023, wala si Dar es Salaam. Anayetaka umtumie fedha kwa simu ili akununulie hisa hizo ana mengi ya kueleza. Nao ndugu wa Biharamulo wanaikumbuka Tulawaka, iliyoanza kutoa dhahabu mwaka 2005, na kufikia 2013 wawekezaji wakauacha mgodi kwa STAMICO.

Hata hisa halali, zilizouzwa hadharani, hushuka. Za Vodacom ziliuzwa kwa shilingi 850 mwaka 2017, na baadaye bei ikawa chini ya hapo. (DECI, iliyosimamishwa mwaka 2009, haikuwa hisa kabisa, ila ilitumia lugha yetu ya kanisani ya kupanda na kuvuna, ndiyo maana iliwanasa wengi.)

Mtu mzima akijaribu bahati kwa fedha yake, nitamwonya tu. Mhazini akifanya hivyo kwa fedha ya wajane, hiyo ni dhuluma, hata kama bei itapanda.

Nilimshauri aulize kundini jambo moja: aliyeandika alinunua lini, kwa bei gani, na kwa wakala gani mwenye leseni? Aliuliza jioni ile ile. Kulipokucha, alikuwa ameondolewa kundini.