Krimu za kujichubua zisivunje elimu rika
Mara nyingi msichana wa sekondari humsikiliza mwenzake kuliko mwalimu. Hiyo ndiyo nguvu ya elimu rika: mwanafunzi kumwambia mwanafunzi kwamba rangi na umbo lake havina kasoro. Lakini somo hilo linabomolewa na kopo la krimu ya kujichubua lililovushwa mpakani kwa njia za panya. Mwaka 2019 Bunge la Afrika Mashariki lilipitisha azimio la kutaka vipodozi vyenye haidrokwinoni vipigwe marufuku. Baadhi ya krimu hizo zina zebaki, ambayo huharibu figo. Wafanyabiashara wa Namanga, Busia na Rusumo wana vitenge, viatu na nafaka za kuuza. Waukatae mzigo huu, hata faida ikiwa nono. Mnunuzi wa kesho huenda akawa binti yao.