Kinga Si Tiba

Wahenga walinena kwamba kinga ni bora kuliko tiba. Usemi huu tunaurudia pasi na kutambua kuwa unatenganisha mambo mawili ambayo baadhi ya watafiti wa dawa huyachanganya.

Tuchukue mfano wa uvimbe sugu wa utumbo, yaani maradhi ya Crohn na yale ya vidonda sugu vya utumbo mpana. Utumbo uliovimba huzalisha kwa wingi molekuli za oksijeni zinazodhuru seli. Kwa sababu hiyo, antioksidanti, yaani dawa za kuzidhibiti molekuli hizo, zimejaribiwa mara nyingi kwa wanyama. Panya wa maabara hutiliwa kemikali iitwayo DSS katika maji ya kunywa. Baada ya siku chache huanza kuhara damu na kukonda. Aghalabu dawa hutolewa siku ile ile kemikali inapoanza kunywewa, au hata kabla. Panya akinusurika, hutangazwa kuwa dawa inatibu.

La hasha! Hiyo ni kinga. Mgonjwa hufika hospitalini akiwa ameugua kwa miezi, pengine miaka. Isitoshe, panya akiondolewa kemikali, utumbo wake huanza kupona wenyewe. Binadamu hana chupa ya kuondolewa.

Pupa ya aina hii ina gharama. Mwaka 1994 yalichapishwa matokeo ya utafiti kuhusu wanaume wavutaji sigara 29,133 nchini Ufini. Waliopewa beta-karotini, antioksidanti iliyotumainiwa kuwakinga dhidi ya saratani ya mapafu, waliipata saratani hiyo kwa wingi kuliko wasiopewa.

Sidai kwamba majaribio ya wanyama yakomeshwe. Mwaka 1959 William Russell na Rex Burch walipendekeza kuwa wanyama wabadilishwe kwa njia nyingine inapowezekana, idadi yao ipunguzwe na mateso yao yapunguzwe. Naongeza sharti moja: dawa inayoitwa tiba itolewe baada ya ugonjwa kukomaa. Jaribio lisilojibu swali la mgonjwa humtesa mnyama bure na kumpa mgonjwa tumaini la uongo.

Nasi wanafunzi wa Kiswahili, walimu, wafasiri na watangazaji wa kesho, tuna wajibu wetu. Kabla ya kuandika neno "tiba", hatuna budi kuuliza: dawa hiyo ilitolewa lini?