Chuma cha Ufipa Hakikuyeyushwa kwa Semina

Mwishoni mwa mwaka 2022, vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti mwaka huo vilianza kugawiwa walimu. Uamuzi ule ulikuwa mwema. Lakini kugawa kifaa ni jambo moja, na kumwezesha mwalimu kukifundishia ni jambo jingine. Sisi tumekuwa hodari wa kuhesabu la kwanza na wavivu wa kuuliza la pili.

Mwalimu wa shule ya msingi huku Mollo akiitwa mafunzoni, aghalabu huketi siku mbili mbele ya projekta, akanakili maana ya "programu", akatia saini ya posho, akarejea darasani kama alivyotoka. Nasi huandika katika taarifa kwamba amejengewa uwezo!

Kosa hili huuma zaidi likitendeka Ufipa. Wahenga wa uwanda huu waliyeyusha chuma kabla ya shule ya kwanza kufunguliwa. Malungu, yaani matanuri marefu ya udongo, yalivuta hewa yenyewe bila mivukuto. Kisha chuma kilisafishwa katika tanuri dogo lililovuviwa kwa mivukuto. Ujuzi wa namna hiyo haurithishwi kwa hotuba. Hurithishwa kando ya moto, kwa mikono iliyochafuka udongo na mkaa.

Kuandika programu nako ni ufundi: kupanga maagizo, kuweka masharti, kurudia hatua, kisha kutafuta kosa lilikojificha. Hilo la mwisho ndilo kiini chake, wala halifundishiki kwa kunakili. Mwalimu ambaye hajawahi kukosea na kuirekebisha programu yake mwenyewe atayaogopa makosa ya wanafunzi, na atawanyamazisha.

Wapo watakaosema umeme ni wa shida na intaneti ni ghali. Hoja hiyo ina uzito, ila haitoshi kuwa kinga ya uzembe. Mpangilio wa maagizo huweza kufundishwa kwa kadi za karatasi, watoto wakipiga hatua uwanjani. Hata Scratch, lugha ya programu iliyobuniwa kwa ajili ya watoto, hufanya kazi katika kompyuta isiyo na intaneti.

Sumbawanga kuna chuo cha ualimu. Walimu wa Mollo na kata jirani wapelekwe huko kwa zamu wakati wa likizo. Kila mmoja atengeneze kitu kinachofanya kazi, akakifundishe, kisha arudi muhula unaofuata kueleza kilichomshinda. Na saini ya posho itiwe baada ya tanuri kuwaka, si kabla.