Wito kwa Wapishi na Walaji wa Bukoba na Muleba: Tuchague Vizuri Tunachofungia Chakula

Chakula kilichopikwa tayari kinasafiri sana mkoani kwetu Kagera. Katogo hutoka kwa mama lishe kwenda ofisini, sato wa kukaanga hupanda basi la Mwanza, vitumbua huenda shuleni na watoto, na senene hufungwa kwa ajili ya ndugu aliyeko Dar es Salaam. Mapishi yenyewe tunayasimamia kwa makini: ndizi ziwe zimeiva sawasawa, samaki awe wa leo, chumvi isizidi. Chakula kikishaepuliwa, tunakitia katika chochote kilicho karibu: mfuko laini wa nailoni, boksi jeupe la povu, au karatasi iliyochanwa kwenye daftari la zamani. Ombi langu ni moja: tukichague kifungashio kwa umakini uleule tunaouweka jikoni.

Tulishaanza safari hii. Tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku Tanzania Bara, na Rambo tulizozizoea zikatoweka madukani. Kanuni zilibakiza ruhusa kwa vifungashio vya plastiki vya baadhi ya bidhaa, zikiwemo za viwandani na za kilimo. Kupitia mwanya huo, vimfuko vyepesi vinavyong'aa vimerudi sokoni, na leo vinabeba maharage ya moto, mchuzi na hata uji.

Tuanze na afya zetu. Boksi la povu hutengenezwa kwa polistairini, plastiki inayoanza kulainika joto linapokaribia nyuzi 100, yaani joto la mchuzi uliotoka jikoni sasa hivi. Kemikali yake ya msingi, stairini, iliwekwa mwaka 2018 na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani katika kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani. Kundi hilo halisemi kwamba boksi moja litakuumiza. Linatuambia kwamba si kitu cha kukutanisha na mafuta ya moto kila siku ya juma. Karatasi za magazeti na madaftari nazo zina wino, na zimepita mikononi mwa watu wengi. Andazi lenye mafuta huunyonya wino huo. Nchini India mamlaka ya usalama wa chakula ilitoa tahadhari kuhusu jambo hili mwaka 2016.

Kisha tulitazame ziwa. Bukoba ni miongoni mwa miji inayopata mvua nyingi zaidi Tanzania, takribani milimita 2,000 kwa mwaka. Mvua hiyo huzoa kila kilichotupwa mitaroni na kukiingiza Mto Kanoni, nao Kanoni humwaga Ziwa Victoria. Ni ziwa hilohilo linalotupa sato na dagaa, na ndilo linaloleta maji ya bomba mjini Bukoba. Boksi tulilolitumia kwa dakika kumi linabaki humo miaka mingi baada ya mlo kusahauliwa.

Kifungashio bora kwa vyakula vyetu vingi kinaota nyuma ya nyumba. Wazee wetu walitandika majani ya mgomba na kupakua chakula juu yake. Jani likioshwa kwa maji safi na kubabuliwa kidogo motoni huwa laini, halichaniki, na linafunga vizuri ndizi za kuchoma, samaki mkavu au kipande cha nyama. Likitupwa, linaoza na kurudi kuwa mbolea ya kibanja.

Hapa nawaomba wenye vibanja mnisikilize kwa makini. Mnyauko wa migomba uliripotiwa nchini kwa mara ya kwanza hapahapa Kagera, katikati ya miaka ya 2000, Muleba ikiwa miongoni mwa sehemu za mwanzo kupigwa. Ugonjwa huo husambazwa na kisu au panga lililokata mgomba mgonjwa kisha likakata mzima. Biashara ya majani isije ikawa njia mpya ya kuupitisha. Kateni majani ya migomba iliyokwisha kuvunwa, ambayo ingeangushwa hata hivyo. Msiuvue majani mgomba wenye mkungu, maana majani ndiyo yanayoulisha. Pitisheni panga motoni au lichovyeni kwenye jiki kabla ya kuhamia shina jingine. Na kibanja chenye mnyauko kisitoe hata jani moja.

Senene na kahawa ya kutafuna vinahitaji kufungwa kwa namna yake, kwa sababu adui yao ni unyevu. Msimu mkubwa wa senene ukifika, Novemba na Desemba, waacheni walioiva wapoe kabisa kabla ya kuwafunika. Mvuke ukifungiwa ndani huleta ukungu. Tumieni chupa au makopo mapya yaliyotengenezwa kwa ajili ya chakula, yenye mfuniko unaobana. Ndoo iliyowahi kubeba rangi au dawa isiguse chakula kamwe. Andikeni jina lenu na tarehe ya kutengeneza. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo (SIDO) lipo kwa ajili ya kuwashauri wajasiriamali wadogo, na Shirika la Viwango Tanzania (TBS) ndilo linalosimamia usalama wa chakula tangu 2019. Nendeni mkaulize.

Kwa chakula chenye mchuzi, chombo cha mteja mwenyewe hakina mpinzani. Hotpoti au bakuli la chuma lenye mfuniko hulinda joto, na joto hulinda afya: Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kikae juu ya nyuzi 60, na kisiachwe zaidi ya saa mbili katika hali ya kawaida ya hewa. Mama lishe, mpunguzie bei kidogo anayekuja na chombo chake, uandike hivyo ukutani kila mtu asome. Unaokoa gharama ya boksi, naye anarudi kesho. Nawe mteja, chombo kifike kikiwa safi na kikavu.

Viongozi wetu wa Manispaa ya Bukoba na Halmashauri ya Muleba, wekeni mapipa stendi, sokoni na kwenye mialo, yamwagwe kwa wakati. Mwiteni bwana shamba awafundishe wauza majani kusafisha visu. Na katika mikutano, semina na sherehe zenu, agizeni chakula kije katika sahani na mabakuli yanayooshwa, ili wananchi waone mfano kabla ya kusikia amri.

Ndugu zangu, hakuna hata moja katika haya linalosubiri mfadhili. Wiki hii kila nyumba itenge chombo kimoja cha kununulia chakula, na kila mpishi aondoe aina moja ya kifungashio kibaya katika meza yake. Tukishazoea hilo, tuongeze la pili.