Protokole ya chanjo ikigeuka, tuambiwe

Wandugu wa Beni na Butembo, Ebola ya 2018 ilipoanza, protokole ya chanjo ilikataza wamama wenye mimba na wenye kunyonyesha. Mwaka 2019 ikageuzwa, wakaruhusiwa. Mwezi wa tano mwaka ule ule, washauri wa OMS wakapendekeza dozi ipunguzwe ili chanjo itoshe watu wengi. Sababu zilikuwa nzuri. Lakini mama aliyerudishwa nyumbani jana, leo anaitwa, atawaza nini? Kwenye kartiye uvumi hauombi ruhusa.

Ebola ilirudi kwetu 2021. Serkali, musingoje ingine. Kila protokole ikigeuka, mubandike karatasi kwenye kila kituo cha afya, kwa Kiswahili na Kinande: nini kimegeuka, tangu siku gani, juu ya nini, nani alitia sahihi.